Tairi lina meno yote, mbona lina nyufa?

Mwishoni mwa mwezi wa tisa, jua la Kigoma likiwa halina mzaha na mtu, nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi pancha pale Mwanga nikisubiri zamu yangu. Mbele yetu magari mawili yalikuwa juu ya jeki. La kwanza ni Corolla ya mwalimu mmoja mstaafu ambaye safari zake zote ni kutoka Gungu kwenda sokoni, na siku ya Ijumaa kwenda Ujiji. La pili ni mchomoko, Probox inayopiga Kigoma na Kasulu kutwa, abiria wamebanana kama dagaa kwenye gunia.

Matairi ya mzee yalikuwa na meno yote. Ungeyaona kwa mbele ungesema yametoka dukani juzi. Ukiinama kuyatazama ubavuni, nyufa zimejaa kama kisigino cha mtu aliyelima kiangazi chote akiwa peku. Ya mchomoko yalikuwa kipara, laini kama kiganja, na ubavuni hayana ufa hata wa dawa.

"Sasa nieleze, fundi," mzee akasema. "Mimi nimenunua tairi mpya dukani kwa hela ya kiinua mgongo. Huyu kijana anafunga za mtumba. Mbona zangu ndizo zinachanika?"

Fundi hakuinua kichwa. "Za siku hizi feki, mzee wangu."

Benchi zima likaitikia. Neno feki lina raha yake: linamaliza mjadala na halimdai mtu ushahidi. Matairi mabovu yapo, sikatai. Ila mzee na yule kijana walikuwa na magonjwa mawili tofauti, na kwenye mpira mara nyingi kinachotibu ugonjwa mmoja ndicho kinachokaribisha wa pili.

Maneno kwanza

Ubishi mwingi wa kijiweni unazaliwa kwenye maneno. Tairi kulika ni ule uso unaokanyaga barabara kupungua kidogo kidogo kwa msuguano, mpaka kashata, yaani yale meno, zinakwisha na tairi linabaki kipara. Nyufa ni jambo lingine: mpira wenyewe unazeeka, unakakamaa, unaanza kuachana, hata kama haujasuguliwa na chochote. Kupasuka nako ni kule kufumuka njiani, upepo wote ukatoka kwa mkupuo. Kulika kunaweza kukufikisha kwenye kupasuka, na nyufa vilevile, ndiyo maana watu wanavitia vyote kapu moja. Lakini kulika kunahesabu kilomita. Nyufa zinahesabu miaka, jua na joto.

Neno la mwisho ni mchanganyiko. Tairi halitengenezwi kwa mpira mtupu, kama maandazi yasivyotengenezwa kwa unga mtupu. Kiwandani wanakanda mpira wa aina mbili au tatu, masizi, mafuta, salfa, nta na dawa kadhaa, kisha wanaoka ndani ya kalibu ya chuma. Mapishi hayo ndiyo mchanganyiko. Matairi mawili yanaweza kufanana kwa saizi, kwa meno na kwa weusi, yakapishana kwa mapishi kama ugali wa muhogo unavyopishana na wa mahindi.

Uzi, fundo na wavu

Mpira wa asili ni utomvu mweupe kama maziwa, unaogemwa kwenye mti ambao asili yake ni Brazili. Hapa kwetu umepandwa Kihuhwi, wilayani Muheza. Mpira wa viwandani unatokana na mafuta ghafi ya petroli, yale yanayochimbwa ardhini. Yote miwili, ukiitazama kwa ndani kabisa, ni nyuzi ndefu mno zilizosokotana.

Wavuvi wa Kibirizi wataelewa haraka. Chukua rundo la uzi wa kushonea nyavu ambalo halijafungwa fundo hata moja. Ukilivuta, nyuzi zinateleza na rundo linafumuka. Mpira mbichi ndivyo ulivyo: kwenye joto unanata kama ulimbo, kwenye baridi unakuwa mkavu na mgumu. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika mpira pamoja na salfa, tabia hiyo inakoma. Salfa inafunga mafundo kati ya uzi na uzi. Rundo linageuka wavu. Sasa ukiuvuta unavutika, ukiuachia unarudi.

Idadi ya mafundo ni jambo zito. Mpira wa tairi unapata takriban kilo 2 za salfa kwa kilo 100 za mpira. Ukitia kilo 30 na zaidi, wavu unabana mpaka unapata kitu kigumu kama pembe ya ng'ombe. Zamani masanduku ya betri za magari yalitengenezwa hivyo. Kwa hiyo mtu akikubinyia tairi kwa kidole gumba akakwambia "hili gumu, litadumu," muulize kama angependa kufunga sanduku la betri kwenye rimu. Ugumu ukizidi, tairi halijikunji, linavunjika.

Wavu peke yake hautoshi kwenye lami. Mpira usiotiwa kitu kingine unalika haraka ajabu, kama kifutio cha mwanafunzi. Hapo ndipo masizi yanapoingia. Weusi wa tairi haukupakwa. Ni masizi laini yaliyokandwa ndani, na yanachukua kama robo ya uzito wa tairi. Matairi ya zamani kabla ya masizi yalikuwa meupe meupe. Masizi kwenye mpira yanafanya kazi ya kokoto kwenye zege: saruji inashika, kokoto inabeba.

Na kila aliyewahi kujenga hapa mjini anajua mchezo wa matofali. Mfuko mmoja wa saruji unaotakiwa kutoa matofali kadhaa, fundi mwenye tamaa anaunyoosha kwa mchanga mpaka unatoa mara mbili. Tofali linaonekana tofali, ila ukilikwangua na ukucha linamwagika. Mchanganyiko wa tairi unaweza kuchezewa hivyohivyo, kwa kuongezwa unga wa chokaa au wa udongo usioshikamana na mpira, au mpira chakavu uliosagwa. Kwa macho ni leusi, kwenye lami linamwagika.

Mafuta nayo yanatiwa ili mpira ulainike na ushike barabara. Unajua chapati yenye mafuta ya kutosha inavyokunjika bila kupasuka, na iliyonyimwa mafuta inavyokatika ukiikunja? Unajua pia kwamba hata ile nzuri, ukiilaza hadi kesho kutwa, inakatika vilevile. Hiyo kesho kutwa tutairudia.

Tairi moja, mapishi kadhaa

Hili watu wengi hawalijui, na bila kulijua huwezi kumjibu mzee wa Corolla. Tairi moja lina mipira tofauti tofauti iliyounganishwa. Uso unaokanyaga una mapishi yake, wingi wake mpira wa viwandani na masizi, kwa sababu kazi yake ni kusuguliwa. Ubavu una mapishi mengine, mpira wa asili mwingi pamoja na aina laini ya kiwandani, kwa sababu kazi yake ni kujikunja. Tairi la gari dogo mzunguko wake ni kama mita 2, kwa hiyo kila kilomita moja kila sehemu ya ubavu inakunjwa na kunyooshwa mara 500. Fika kilomita elfu kumi, umeukunja mara milioni tano. Na kwa ndani kabisa kuna ngozi nyembamba ya aina inayoitwa butili, ambayo haipitishi upepo ovyo.

Tyubu nyingi nazo ni butili. Zile nyuzi za mpira wa butili zina sehemu dhaifu chache sana, ndiyo maana kipande cha tyubu alichofungia mtu gunia la mkaa nyuma ya baiskeli kinakaa juani miaka na bado kinavutika, wakati tairi la baiskeli hiyohiyo limeshachanika ubavuni. Umeliona hilo mara ngapi bila kujiuliza?

Malori yanapewa mpira wa asili mwingi hata kwenye uso, maana haupati joto kali ukijikunja na jiwe likiukata hauchaniki kwa urefu. Matairi ya ndege ni karibu yote mpira wa asili.

Kwa nini basi wasitengeneze mchanganyiko mmoja unaoshinda kila kitu? Kwa sababu uso wa tairi una wakwe watatu, na kila mmoja anataka apokewe wa kwanza. Mmoja anataka lisilike. Wa pili anataka lishike lami iliyolowa. Wa tatu anataka lizunguke kwa wepesi lisile mafuta ya gari. Mpira laini unaoshika vizuri unalika upesi. Ule unaodumu sana unaweza kuteleza siku ya mvua ya kwanza pale mteremko wa kwenda stesheni. Miaka ya 1990 kampuni ya Michelin ilianza kuuza matairi yaliyotiwa silika, unga mweupe jamii ya mchanga, badala ya sehemu ya masizi, na hapo wakwe wawili walipatana kidogo. Sehemu kubwa ya tofauti ya bei kati ya tairi na tairi inaishia kwenye ugomvi huu usioonekana kwa macho.

Ufa unatoka wapi

Fanya jaribio hili, halina gharama. Chukua rababendi mbili za kufungia noti. Moja ivishe chupa ya soda ili ivutike vizuri, nyingine ilaze kando yake bila kuvutwa. Ziache dirishani nje. Baada ya wiki mbili tatu tazama: ile iliyovutwa ina vijiufa vilivyoukata mpira kwa upana, wakati mwenzake aliyelala yuko mzima au karibu na mzima. Jua ni lilelile na hewa ni ileile.

Kinachokata ni hewa iitwayo ozoni. Oksijeni tunayovuta ina atomu mbili mbili. Ozoni ina tatu, na hiyo ya tatu ina vurugu. Huko juu angani ozoni inatukinga na mionzi ya jua. Huku chini jua linatengeneza kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha. Nyuzi za mpira wa asili, na za aina nyingi za viwandani zinazotumika kwenye tairi, zina viungo dhaifu mwilini. Ozoni inakata hapo. Mpira ukiwa umelegea, kidonda kinabaki juu juu. Ukiwa umevutwa, kidonda kinafunguka, ozoni inaingia ndani zaidi, inakata tena.

Sasa tairi linavutwa wapi? Pale ubavu unapobenuka karibu na ardhi, na kwenye vina vya mifereji kati ya jino na jino. Tazama tairi lolote la zamani, nyufa zinaanzia hapohapo.

Kiwanda kinalijua hilo na kinatia walinzi wawili. Wa kwanza ni nta. Hii ni ya petroli, haihusiani na ile ya nyuki inayotoka Tabora, ingawa tabia zao zinafanana. Imekandwa ndani ya mpira, inapanda juu polepole kama mafuta yanavyopanda juu ya mchuzi unaopoa, inatandaza utando mwembamba unaozuia hewa. Tatizo la utando ni kwamba ubavu ukijikunja unakatika. Ndipo anapokuja mlinzi wa pili, dawa inayotumika sana yenye jina la maabara 6PPD, ambayo kazi yake ni kupigwa badala ya mpira: ozoni ikija inakutana nayo kwanza, dawa inaliwa, mpira unabaki. Alama inayoiacha ni ukahawia fulani hivi ubavuni. Watu wanadhani ni uchafu au tairi limechujuka, wanasugua kwa brashi na sabuni mpaka likae jeusi. Unamfukuza mlinzi getini kwa sababu sare yake imechakaa.

Dawa hiyo ina upande wake mchungu. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba ikishapigwa na ozoni inageuka kitu ambacho, kikisombwa na mvua kutoka barabarani hadi mitoni, kinaua samaki aina ya samoni wa koho. Viwanda vinatafuta mbadala. Sisi ambao mvua ya barabarani inateremka moja kwa moja ziwani, habari hiyo si ya kuisikilizia mbali.

Walinzi hawa wanakwisha. Wakikwisha hakuna namna ya kuwajaza tena. Wapo wanaopaka matairi dizeli au oili ili yang'ae. Yanang'aa kweli, lakini mafuta ya aina hiyo yanaupenya mpira, yanauvimbisha na kusaidia kuwatoa nje hao hao walinzi. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha.

Pembeni ya ozoni kuna joto na oksijeni ya kawaida. Hawa kazi yao kubwa si kukata, wanaendelea kupika. Wavu uliofungwa mafundo kiwandani unaendelea kufungwa mafundo mapya, mafuta ya kulainisha yanatoka kidogo kidogo, na chapati inakuwa ya kesho kutwa. Kanuni ya jumla ya wanakemia ni kwamba kila joto likiongezeka nyuzi 10, mambo ya namna hii yanakwenda kasi kama mara mbili. Gari linalolala juani Urambo mwezi wa kumi na gari linaloegeshwa chini ya miembe ya Tabora mjini hayazeeki sawa.

Sasa mzee wa Corolla anajibika. Gari lake linatembea kidogo, meno hayaliki. Linashinda nje, limesimama, ubavu umebenuka palepale siku nzima, na tairi linalojikunja mara chache linazisukuma nta na dawa juu polepole zaidi. Matairi yake yanakufa kwa uzee. Ya mchomoko hayafiki uzee. Yanakufa vijana, yamelika kabla ozoni haijapata nafasi ya kuyasogelea.

Baridi ya Japani kwenye lami yetu

Hapa nina kidonda changu. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua gari lililotoka Japani likiwa na matairi yake. Meno marefu, mpira laini mpaka ukucha unaacha alama. Dalali alinipongeza: "Tairi tu hizi, bosi, ni hela." Nikapiga nalo safari za Tabora kiangazi kimoja. Kwenye lami ya Kaliua, saa nane mchana, gari lilikuwa linaogelea. Ukikata usukani kidogo, mwili unakwenda, tairi linafikiria kwanza. Kabla mvua hazijaanza matairi yote manne yalikuwa yameelekea kipara.

Nilisema feki. Kumbe yalikuwa matairi mazuri sana, ila ya theluji.

Japani, hasa kaskazini kama Hokkaido, wanafunga matairi maalumu majira ya baridi. Mpira wa kawaida hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi unaanza kukakamaa na kuteleza. Wao wanatia mchanganyiko unaobaki laini hata kwenye barafu. Ukiuleta mchanganyiko huo kwenye lami ambayo huwezi kuikanyaga bila ndala, unalainika kupita kiasi, meno yanayumba, na kila kona inabaki na kipande chake. Ni sawa na kuvaa lile koti zito la mtumba mwezi wa kumi: hakuna kosa lolote kwenye koti.

Utayatambua kirahisi. Ubavuni yana neno STUDLESS, au mchoro wa mlima wenye chembe ya theluji ndani. Mengi yana herufi Q baada ya saizi, maana yake mwendo wake wa juu ni kilomita 160 kwa saa, wakati ya kawaida ya gari kama hilo huwa na S, T au H. Na juu ya kila jino kuna mikato myembamba ya mawimbi, mingi, kama chale. Wengine wanaiona mikato hiyo wanadhani ni nyufa. Hiyo imechongwa makusudi ishike barafu. Wanayaogopa kwa sababu isiyo sahihi na kuyapenda kwa sababu isiyo sahihi.

Ya kijiweni

Kuna msemo kwamba kiangazi upunguze upepo kwa sababu joto litauongeza. Huu umeua matairi mengi kuliko misumari. Upepo ukipungua, ubavu unajikunja zaidi. Ukijikunja zaidi unapata joto zaidi kwa ndani. Joto hilo ndilo linalolegeza mpira ulioshika waya za chuma na nyuzi za kitambaa zilizofichwa ndani ya tairi kama mifupa, mpaka tabaka linaachana na tabaka. Tairi lililofumuka njiani huwa limepikwa namna hiyo kwa saa nzima bila dereva kujua. Kile kipimo kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva kinapimwa asubuhi tairi likiwa baridi, na ongezeko la joto la safari wameshalihesabia. Upepo mdogo utauona pia kwenye kulika: kingo mbili zinakwisha, katikati inabaki. Ukizidi, katikati ndiyo inayokwisha. Likilika upande mmoja tu, nenda kapige alaimenti kabla ya kulaumu mpira.

Vile vinywele vya mpira juu ya tairi havithibitishi upya. Vinatokea kwenye vitundu vya kalibu vya kutolea hewa, na vinakatika tairi likitembea. Tairi lililokaa stoo miaka minane linavyo vyote.

Kuchonga meno mapya kwenye tairi kipara kwa kisu cha moto ndiko kunakonitisha kuliko vyote. Yapo matairi ya malori yaliyowekewa mpira wa ziada kwa kazi hiyo, na yameandikwa ubavuni REGROOVABLE. La gari dogo halina akiba hiyo. Unachonga kuelekea kwenye waya, na mteja anauziwa kina ambacho ni jeraha. Kikomo halali kipo ndani ya mifereji yenyewe: vijituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6. Jino likilingana na kijituta, tairi limekwisha.

Kuhusu nchi linakotoka sina mengi. Nimeona ya China yaliyodumu na ya Japani yaliyochanika. Barabara inaamua mengi: kile kipande cha Malagarasi hadi Uvinza, kilichokaa muda mrefu kikiwa changarawe, kilikuwa kinanyofoa vipande vya meno kwenye mpira wowote wa gari dogo, uwe wa nchi gani.

Namba nne

Turudi Mwanga. Nilimwomba fundi atufutie vumbi ubavuni mwa tairi la mzee. Akatema mate kwenye kidole gumba, akasugua. Tukaliona neno DOT, herufi kadhaa, halafu hakuna kitu. Mzee akasema, "Hawajaandika." Wameandika, mara nyingi namba kamili iko upande mmoja tu, na ukikuta fundi kaugeuza ndani inabidi uingie uvunguni. Tukalilaza tairi upande wa pili: 2216.

Namba mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Wiki ya 22 ya mwaka 2016. Mzee alikuwa amenunua 2022, kwa bei ya tairi jipya, lina vinywele, linang'aa. Kwa sheria ya meno lilikuwa jipya. Kikemia lilikuwa limeanza kuoza miaka sita kabla halijamfikia.

Kampuni kadhaa za matairi zinashauri kwamba baada ya miaka mitano likaguliwe na mtu anayejua kila mwaka, na likifika miaka kumi tangu litengenezwe livuliwe hata kama linapendeza. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanasema sita. Mimi kwa jua letu na kwa magari yasiyo na banda nachukua sita, na sijuti.

Si kila ufa ni hukumu. Vijiufa vyembamba kama nywele ubavuni, ambavyo ukucha hauzami, vinakwambia umri tu. Viangalie kila mwezi. Ufa ambao ukilikunja tairi unafunguka ukaona nyuzi au waya, ufa unaozunguka karibu na rimu kama mkanda, au ufa ulioambatana na uvimbe, hapo hakuna mjadala na hakuna kiraka. Uvimbe maana yake nyuzi za ndani zimekatika na mpira mtupu ndio unaozuia upepo.

Tulipofungua buti kutoa spea, ilikuwa ya tangu gari litoke Japani, haijawahi kugusa barabara, meno kama ya mtoto. Fundi akaifuta: 4809. Mzee akacheka peke yake.

Yule kijana wa mchomoko alikuwa anasikiliza muda wote. Akayasogelea yale matairi manne yaliyovuliwa, akapitisha kiganja kwenye meno.

"Mzee, hizi kama unazitupa, si uniuzie mimi?"

"Unabeba watu wangapi?"

"Saba. Nane, siku ya gulio."

Mzee akamtazama, halafu akamwomba fundi kisu. Matairi yakakatwa mbavu palepale, yote manne na spea, na jioni ile yalipitiwa na mtu wa makatambuga. Yeye alichotaka ni meno tu. Alilipa vizuri.